Samaki wa Kilindini Waliohamia Dodoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa samaki mweusi ndani ya mtungi wa kioo, nikaambiwa kwamba anawaka. Nilimtazama. Hakuwa akiwaka. Alikuwa mweusi kama tako la sufuria, mdomo wazi, meno marefu kuliko kichwa kilivyostahili, na juu ya paji la uso alikuwa na kijiti kilichoishia na kifundo kidogo kama punje ya uwele. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisimama akisubiri niseme kitu.

"Simwoni akiwaka, mzee," nilisema.

"Kwa sababu amekufa. Maiti haiwaki. Umetokea wapi, binti?"

"Dodoma. Zuzu."

"Zuzu kuna bahari?"

"Kuna reli."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka usoni na kuning'inia kifuani. Kisha akasema ni afadhali nilivyotoka mbali, kwa sababu waliokulia pwani walikuja pale wakiamini wanaijua bahari, kumbe wanajua ya juu tu. Akanipa aproni na kunionyesha rafu zilizojaa mitungi kutoka sakafuni hadi darini. "Hao wote ni wako sasa," akasema. "Usimwache hata mmoja akakauka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya utunzaji wa sampuli za bahari kuu, katika kituo kidogo cha utafiti huko pwani. Nilikuwa na shahada ya bayolojia, na bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye safari ya mafunzo, nikatapika. Nawaeleza ninyi vijana kazi yenyewe ilivyokuwa kwa sababu sasa kila mtu anaonyesha picha za samaki wale kwenye simu yake, na hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa akibadilisha maji yao.

Hayakuwa maji, kwa kweli. Samaki akifika kutoka melini kwanza huwekwa kwenye formalini, dawa kali inayogandisha nyama isioze. Baada ya hapo huoshwa na kuhamishiwa kwenye spiriti, anakokaa miaka na miaka. Spiriti hupeperuka. Kila mtungi lazima uangaliwe, uongezwe, mfuniko ukazwe kwa mpira. Ukizembea, samaki anakauka na kujikunja kama majani ya mlenda yaliyoanikwa kwa akiba, na hakuna wa kumrudisha.

Kuhusu kuwaka kwao, Mkuu wa Maabara alinifundisha kidogo kidogo huku tukiosha mitungi. Mwanga wa jua, alisema, haufiki mbali baharini. Ukishuka mita mia mbili unakuta giza la jioni, na ukifika mita elfu moja jua halipo kabisa, mchana wala usiku. Wengi wa viumbe wanaoishi huko wanatengeneza mwanga wao wenyewe. Ndani ya miili yao kuna kemikali inayoitwa lusiferini. Ikikutana na oksijeni, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi, inatoa mwanga usiounguza. Nilimwambia kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kimulimuli, ambaye sisi watoto wa Zuzu tulikuwa tukimkimbiza wakati wa masika.

"Ni kazi hiyohiyo," alisema. "Ila kimulimuli anatafuta mchumba. Hawa wanatafuta kuiona kesho."

Mwaka uliofuata tulipanda meli ya utafiti ya kigeni, yeye na mimi. Nilitapika kwa bidii. Mchana mmoja wavu wa kilindi ulipandishwa, akaja kunichukua nilipokuwa nimejilaza, akaniingiza kwenye chumba kilichozibwa madirisha kwa plastiki nyeusi. Kulikuwa na beseni la maji baridi. Akaniambia nifumbe macho, nihesabu polepole, nifumbue. Kisha akagusa kitu ndani ya beseni kwa kijiti cha kioo.

Duara la buluu likakimbia ndani ya maji. Likazunguka, likazunguka tena, likazimika. Nilisahau kichefuchefu.

"Yavuyavu," alisema gizani. "Nimemshambulia, naye amepiga yowe. Mwili wake ni ute mtupu, hana meno wala miguu. Anachofanya ni kumwita mkubwa zaidi aje aone ni nani anamla."

Kwetu ng'ombe wakiibwa watu hupiga yowe vilevile, kwa hiyo nilielewa mara moja. Samaki mkubwa akiona ile buluu inayozunguka anakuja mbio, anamkuta mshambuliaji, anamla yeye, na yavuyavu anaponea hapo. Mkuu wa Maabara akagusa upande mwingine wa beseni, na samaki wadogo wakamemeteka matumboni kwa safu za vitone. Hao tuliwaita samaki-taa. Nilikaa mle ndani mpaka nikafukuzwa, kwa sababu wengine nao walikuwa kwenye foleni.

Ningependa kusema kwamba maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kama mchana ule. La. Maisha yangu ya kazi yalikuwa ya kuwaeleza wakurugenzi.

Nilifanya kazi chini ya wakurugenzi wanne. Wa kwanza alitoka kwenye uvuvi wa ziwani, mtu mpole mwenye tumbo la heshima. Alipotembelea maabara alifunga mikono nyuma, akapita rafu nzima, akasimama mbele ya samaki-taa.

"Huyu analiwa?"

"Haliwi, Mkurugenzi."

"Sasa mnamtunza wa nini?"

Nikamweleza kwamba samaki-taa ni wengi kupita kiasi baharini, na kwamba kila usiku hupanda juu kutafuta chakula, kukicha wanarudi chini kujificha. Jodari anawala. Ngisi anawala. Bila wao, wavuvi wetu wangerudi na nyavu tupu. Nikamweleza na zile taa za tumboni: samaki anayeogelea kwenye mwanga hafifu anaonekana kwa adui aliye chini yake kama kivuli cheusi, kwa hiyo anawasha tumbo lake kiasi kilekile cha mwanga unaotoka juu, kivuli kinafutika. Aliitikia kwa kichwa kwa makini. Wiki iliyofuata nilisoma kwenye hotuba yake kwamba kituo chetu kimegundua aina mpya za kitoweo.

Wa pili alikuwa mtu wa miradi. Huyo hakuuliza kama wanaliwa. Alitaka tuwafuge.

"Bi. Yunisi, hebu fikiria. Mwanga usio na bili. Kila kijiji kidimbwi chake."

"Mkurugenzi, wanaishi kwenye baridi na shinikizo la mita mia nane. Wakifika juu wanakufa."

"Ndiyo maana nasema utafiti uendelee."

Niliandika andiko la mradi. Nililiandika mara tatu, kwa sababu kila nilipoeleza kwamba haiwezekani alinirudishia akiniambia niwe na mtazamo chanya. Mkuu wa Maabara alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo, na kiti chake nilikikalia mimi. Nilimpigia simu kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekaza mifuniko ya rafu ya juu. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Ndipo serikali ikahamia Dodoma, na idara ya mifugo na uvuvi, iliyokuwa na kituo chetu, nayo ikaambiwa ifungashe. Wenzangu walinipongeza kwa kurudi nyumbani. Kurudi mimi sikuwa na shida nako. Nilikuwa na kiwanja Mkonze, na mume wangu, fundi wa reli mstaafu, alikuwa amekwisha kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma iliyotusubiri. Shida ilikuwa agizo kwamba mali zote za idara zihamie. Zote. Nilikwenda kwa Mkurugenzi wa tatu, nikamwambia sampuli zibaki pwani penye maabara, spiriti na watu wanaojua.

"Sampuli ni mali ya idara," alisema. "Idara inahamia Dodoma."

"Ni samaki wa kilindini, Mkurugenzi. Dodoma hatuna hata mto unaopitisha maji mwaka mzima."

"Kwa hiyo idara ihame, samaki wabaki peke yao?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Niliifunga mitungi kwa magodoro na magazeti, nikapanda kwenye lori pamoja nayo kwa sababu dereva alikuwa ameambiwa amebeba vyombo vya jikoni. Iliyovunjika ilivunjika. Tulipofika, hapakuwa na chumba. Ofisi zilikuwa zimegawiwa watu, na samaki hawakuwamo kwenye mgawo. Wakawekwa kwenye kontena la chuma nyuma ya jengo, juani. Ninyi mnaoishi hapa mnajua Oktoba ilivyo. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi napigwa na mvuke wa spiriti machoni, narudi nyuma nasubiri upungue ndipo niingie na dumu. Niliomba chumba kwa maandishi, nikaomba kwa mdomo, nikaomba kwenye vikao. Kila mara niliambiwa suala langu linafanyiwa kazi.

Badala ya chumba nililetewa Zaituni.

Alitoka Kondoa, milimani, kwenye ukoo wa wakulima na wauza vitunguu. Alikuwa amemaliza chuo na kuomba apangiwe ukaguzi wa samaki ziwani, wakampangia kontena. Alikuja amevaa ushungi wa kijani na viatu vipya.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa niripoti kwako. Samahani, hii harufu ni ya nini?"

"Marahaba. Ya kazi."

Kwa miezi kadhaa tuliudhiana. Alivaa barakoa mbili, akaongeza spiriti huku amegeuza uso, na kila mwisho wa mwezi aliandika kuomba uhamisho. Sikumlaumu kwa hilo, ila nilikereka kwamba barua zake zilijibiwa haraka kuliko zangu, ingawa alijibiwa hapana. Siku moja mtungi ulipasuka kwa joto, tukamkuta samaki mmoja wa kilindini ameanza kukauka, hafai tena kuhifadhiwa. Nikamwambia ampasue ajifunze. Alipasua kwa shingo upande. Kisha akasimamisha kisu.

"Mama, mbona tumbo lake jeusi kwa ndani? Siyo ngozi. Tumbo lenyewe, la chakula."

"Unadhani kwa nini?"

Alivuta barakoa chini, akainamia. "Anakula wanaowaka," alisema polepole. "Akimeza mmoja bado anawaka humo ndani, yeye mwenyewe anageuka taa. Wakubwa watamwona." Akaniangalia. "Ni pazia, siyo? Amejiwekea pazia."

Sikuwa nimemwambia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tangu siku ile barua za uhamisho zilikoma, na maswali yakaanza, na maswali yake yalinichosha kuliko barua. Kwa nini mwanga mwingi ni wa buluu? Kwa sababu buluu ndiyo inayosafiri mbali majini, na macho mengi ya huko yameizoea hiyo tu. Wapo wenye taa nyekundu? Wapo wachache, na kwa kuwa majirani zao hawaioni nyekundu, wanawamulika na kuwakaribia bila kushtukiwa. Aliposikia hilo alipiga kofi mezani akasema huo ni wizi.

Kisha kikatokea kikao cha kuondosha vifaa chakavu. Kwenye orodha walikuwamo viti vilivyovunjika, mashine za kuchapa, na samaki wangu. Wachomwe. Nilikwenda kwa Afisa Utawala, kijana nadhifu aliyekuwa akiniheshimu sana na kunisaidia kidogo sana.

"Mama yangu, vile vitu vinatisha watu," alisema. "Mfagiaji amegoma kupita kule nyuma. Wanasema ni majini yaliyofungiwa mitungini."

"Ni samaki. Wengine hawajawahi kupatikana tena pwani yetu. Nipe chumba kimoja chenye kivuli."

"Chumba sina. Nina agizo." Akajikuna kidevu, akatazama dirishani. "Lakini mama, kama unavitaka, vichukue. Mimi Jumatatu nisivikute pale. Nisipovikuta, kwangu vimeondoshwa."

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi. Alisikia kila neno. Mchana uleule tulimwita kaka yake mwenye gari la kubebea vitunguu, tukapakia, na wale samaki waliotoka kwenye giza la kilindi cha bahari wakaingia Mkonze wakinukia vitunguu vya Kondoa. Niliwapanga kwenye chumba cha wanangu waliokwisha kuhama. Kilikuwa na ubaridi na dirisha dogo, chumba bora kuliko chochote nilichowahi kupewa na idara.

Mume wangu alisimama akishika fremu ya mlango. "Yunisi," alisema, "nilioa mtu wa Zuzu ili nisihangaike na mambo ya pwani."

"Ni kwa muda tu."

"Na huyu mwenye meno ananiangalia kwa muda gani?"

Habari ilienea kabla chumba hakijapangwa. Jumamosi asubuhi Mwenyekiti wa Mtaa alifika, na nyuma yake nusu ya majirani, wakiongozwa na Mama Chipe wa nyumba ya pili, ambaye tangu tuhamie alikuwa akiazima ungo wangu na kunirudishia umetoboka. Mwenyekiti alinisalimu kwa Kigogo, mbukwa, akakaa kwenye kiti alicholetewa, akakohoa.

"Mama, wananchi wana hofu. Wanasema unafuga vitu."

Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Nilikuwa nimeeleza kwa wakurugenzi, kwa makatibu, kwa wafagiaji, na sasa natakiwa nieleze uani kwangu kabla ya chai. Nikaingia ndani nikautoa mtungi wa yule mweusi mwenye kijiti. Watu wakarudi nyuma.

"Huyu ni jike," nilianza. "Anakaa kwenye giza totoro, na chakula kule ni haba. Hiki kifundo kina bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyowaka. Yeye anavipa makazi na chakula, navyo vinampa taa. Anatulia tu. Samaki mdogo anaona kitaa, anadhani ni riziki, anasogea."

"Anasogea mdomoni!" mtu akasema.

"Mdomoni hasa."

"Na dume lake liko wapi?" Mama Chipe aliuliza, akinyoosha shingo.

"Dume ni dogo kama kidole. Halina taa. Kwa baadhi ya aina zao, likimpata jike linamng'ata ubavuni na kuganda hapo maisha yote, linalishwa na damu ya mwenzake."

Mama Chipe alitafakari. "Huyo namjua," alisema. "Ninaye ndani."

Uani palilipuka kwa kicheko, na wanawake walioshikilia watoto wao kwa hofu wakaanza kusogea. Nikaleta samaki-taa. Nikauliza, mwewe akipita juu, kifaranga anaona nini? Kivuli, wakajibu. Na kama tumbo la mwewe lingekuwa na mwanga sawasawa na anga? Mzee mmoja akasema kuku wangeisha mtaa mzima. Nikasema baharini ni kinyume, mwenye tumbo la mwanga ndiye kifaranga, na adui yuko chini yake. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu jambo hilo mpaka Mwenyekiti akasahau alichokuja kukifanya. Kabla ya kuondoka alinivuta pembeni, akaniambia nifunge mlango vizuri, basi.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Yule Afisa Utawala alihamishiwa mkoa mwingine, na aliyekuja badala yake alipopitia kumbukumbu akaona kwamba sampuli zilipaswa kuchomwa mbele ya mashahidi, na hakuna aliyeshuhudia moshi. Nikaitwa kujieleza kwa nini nimechukua mali ya serikali.

Naomba mnielewe hapo. Ijumaa walikuwa takataka za kuchoma. Sasa, kwa kuwa nimewaokoa, wamekuwa mali ya serikali iliyoibwa. Nimewahi kumweleza mkurugenzi kwamba samaki hawezi kufugwa kidimbwini awe taa, na bado sikuwahi kukereka kama siku ile.

Nilimpigia simu yule Afisa wa zamani. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mzee nyumbani. Nilipomwomba aje au aandike tu kwamba aliniruhusu, alikohoa.

"Mama, maneno yale siyakumbuki vizuri," alisema. "Na mimi huku ni mgeni. Nina familia."

Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa, na nilikata simu nikaitupa kitandani.

Kikao kilikuwa na watu watano na chupa za maji. Mkurugenzi wa nne, mama wa makamo asiye na maneno mengi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Nikaeleza. Wakauliza ushahidi uko wapi. Nikasema niliambiwa kwa mdomo. Mmoja wao akaandika kitu akitabasamu. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nilianza kuona jinsi miaka yote ile itakavyomalizika: kwa neno wizi.

Mlango ukagongwa. Zaituni akaingia bila kuitwa.

"Nilikuwepo," alisema. "Afisa alisema vichukue, Jumatatu nisivikute. Gari lilikuwa la kaka yangu. Kama mama ni mwizi, basi na mimi."

Mkurugenzi alimgeukia. "Binti, uko kwenye majaribio. Hujathibitishwa kazini. Unajua unachosema?"

"Najua, Mkurugenzi."

"Toka, ufikirie, urudi."

"Nimefikiria nikiwa kwenye korido," Zaituni alijibu. Hakutoka.

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu mzima, nyumba ninayo, mume ninaye, na yeye ana safari nzima mbele. Sikupata nafasi. Waliendelea kumhoji, naye akajibu lilelile kila mara, mpaka yule aliyekuwa akitabasamu akafunga kalamu.

Sote wawili tulipewa karipio. Kuthibitishwa kwake kuliahirishwa, jambo lililoniuma kuliko karipio langu. Samaki waliamriwa warudishwe. Hapo Mkurugenzi akauliza watarudishwa wapi, na kwa mara ya kwanza kikaonekana kile nilichokuwa nikikisema tangu tulipofika: chumba hakuna. Mwisho wake samaki wakakabidhiwa kwa chuo kimoja hapahapa mjini, chenye jengo la sayansi na chumba cha ndani kisicho na jua. Zaituni akapewa jukumu la kwenda kule kuwaangalia mara kwa mara.

Siku gari lilipokuja Mkonze kuwachukua, Mama Chipe alisimama getini na ungo wangu.

"Na yule mwenye taa kichwani naye anaondoka?"

"Wote wanaondoka."

Alitazama mtungi ukipakiwa. "Ungemwacha huyo mmoja," alisema. "Nilishamzoea." Kisha akakemea mzigo uwekwe polepole, na mpakiaji akatii.

Nikastaafu. Nilifanyiwa sherehe, nikapewa kitenge na saa ya ukutani, na hotuba ikasomwa iliyonitaja kama nguzo. Sasa nalima kidogo, na kuna wajukuu. Watu huniuliza kama najuta kutumia maisha yangu kwa samaki ambao hakuna mtu Dodoma atakayewahi kukutana nao. Swali hilo hunikera, lakini nalijibu. Nawaambia kwamba wale viumbe walijikuta mahali pasipo na mwanga hata chembe, na kila mmoja akapata namna yake: huyu kuwinda, huyu kujificha, huyu kupiga yowe, na ngisi fulani kumtemea adui wingu linalowaka kisha yeye akatokomea gizani. Mimi niliwaona baadhi yao wakifanya hivyo ndani ya beseni. Nilitaka wengine wajue. Mbali na hapo sina maelezo, na waliobuni vikao waseme wao vilikuwa na faida gani.

Mwezi uliopita simu iliita. Alikuwa karani wa idara.

"Shikamoo, mama. Kuna wageni wa Bunge wanakwenda pale chuoni leo kuangalia sampuli. Wana mambo ya uvuvi wa bahari kuu. Hatuna mtu wa kuwaeleza."

"Zaituni yupo."

"Zaituni alithibitishwa, mama. Amehamishiwa kitengo cha ngozi."

"Ngozi za nini?"

"Za ng'ombe na mbuzi."

Nilikata simu. Mtu mmoja tu katika idara nzima alijua kwa nini tumbo la yule samaki ni jeusi kwa ndani, na wamempeleka akague ngozi za mbuzi. Mume wangu aliniona uso, akaenda kuleta viatu vyangu bila kuulizwa.

Nilifika chuoni nikiwa na maneno ya kutosha kwa yeyote atakayenisogelea. Nikafungua mlango wa chumba cha sampuli. Zaituni alikuwa ndani, ushungi ameufunga nyuma, dumu la spiriti miguuni, anakaza mfuniko.

"Wewe siyo wa ngozi?"

"Shikamoo, mama. Nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Wageni wakaingia wakiwa wamevaa suti, wakashika pua, wakatazama huku na huku wakitafuta mkubwa ni nani. Mmoja akanigeukia mimi, mwenye mvi. Nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu magoti yangu siku hizi hayataki kusimama, nikamwonyesha kwa kidevu aliko Zaituni. Alifuta mikono kwenye aproni, akautoa mtungi rafuni, akaanza kuwaeleza.